Kamba ya Paji la Uso

Nsimire, weka chini kwanza.
Gunia la muhogo halina miguu, halitakukimbia.
Mashua ya Idjwi imeshusha, ndiyo, na mwenye mali anapiga kelele.
Mwache apige. Kelele haijawahi kupandisha mzigo Kadutu.

Nimekuona tangu Jumatatu
unavyofungua kitenge na kukifunga tena, juu kidogo,
unavyotema mate pembeni ya Bichi ukisingizia moshi wa samaki.
Moshi gani, binti yangu? Mimi nimebeba sita.
Wanne wanakula kwangu.
Wa tano alinitoka kwenye ngazi za udongo, mvua ya Aprili,
kilo themanini za unga mgongoni
na kamba hii hii ikinikata paji.
Wa sita, hata siku aliyoacha kucheza siijui.

Sikutishi. Nakwambia
kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Gunia lako nimelifungua. Tumegawana:
Nabintu debe, Mwa Cito debe,
na M'Rubuga, yule wa kugombana hata na kivuli chake,
kachukua debe na nusu bila neno.
Wewe shika daftari. Ulifika darasa la sita,
sisi wengine tunahesabu kwa mafundo ya kamba.
Andika nani kabeba, nani hajalipa,
na yule wa duka la chumvi mwandike kwa herufi kubwa.

Na hiyo pemba unayoitafuna kwa siri, itoe mdomoni.
Najua utamu wake, inanukia kama njia ikipigwa na mvua ya kwanza.
Lakini udongo haujengi damu.
Damu hujengwa na lengalenga, na maharage,
na sambaza wazima pamoja na vichwa vyao,
hata lile fungu dogo la jioni ambalo muuzaji amechoka nalo.
Mama mkwe akisema yai litamzaa mtoto kipara,
itika, ndiyo mama,
halafu ule yai.

*

Alhamisi tulipanda kituoni mikono mitupu.
Miaka kumi na tisa naipanda njia ile
nikitazama visigino vya aliye mbele yangu;
kamba haikuruhusu kuinua uso.
Kumbe pale kwenye kona kuna jakaranda.
Kumbe ukigeuka, ziwa lote liko nyuma yako.

Mkunga Cibalonza akaweka pembe yake tumboni mwako,
akanyamaza, akaniashiria: njoo, usikilize.
Nikasikia mtu mdogo anakimbia
juu ya bati, mbali, anakimbia, hachoki.

Akakuhesabia vidonge vya damu, akakupa chandarua.
Akasema: kichwa kikiuma kupita kiasi, uso ukivimba,
macho yakiona ukungu, ukiona damu hata tone,
usingoje kukuche,
usingoje mume arudi kutoka Kamituga na dhahabu yake.
Njoo. Hata usiku. Gonga dirisha.

Kisha akageuka.
Na wewe, mama?
Mimi? Mimi nimemsindikiza.
Nyosha mkono.
Mpira ukanibana kama mzigo mpya.
Akatazama saa, akalegeza, akapima tena upya.
Akauliza mara ya mwisho nilipimwa lini.
Nikacheka: magunia yangu ndiyo hupimwa.
Hakucheka.
Akaniuliza mambo ambayo hata mume wangu hajauliza:
damu ya mwezi, maumivu ya kiuno, mkojo unaotoroka nikikohoa.
Nilijibu nikitazama sakafu.
Kisha, sijui kwa nini, nikamtazama yeye.

*

Sasa daftari lako lina mstari usio wa muhogo.
Umenionyesha kwa kidole: hapa ni jina lako,
hapa Alhamisi ijayo, saa mbili, presha.
Siwezi kusoma, nakuamini.
Lakini usiku, wote wamelala,
nimeshusha kamba kutoka msumarini
na kufunga fundo moja,
peke yake, mbali na yale ya deni.